Gari Linachemsha, Fundi Anatoa Themostati

Katikati ya mlima Kitonga, upande wa kupanda ukitokea Ruaha Mbuyuni, Toyota Noah imesimama pembeni boneti ikiwa wazi. Mvuke unafuka kwenye rejeta, na chini kuna kidimbwi cha maji ya rangi ya kutu. Abiria wameshuka, wamejibanza kwenye kivuli cha lori. Dereva ana dumu la lita 5 mkononi. Utingo wa lori anachungulia injini, anatikisa kichwa, anatoa ushauri: "Kaka, ukifika Iringa mwambie fundi akutolee themostati. Huku kwetu kuna joto, ile kitu ni ya nchi za barafu."

Wote wanaitikia. Mmoja anaongeza kwamba ya gari lake ilitolewa zamani, na halijachemsha tena.

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Ushauri huo unatolewa kila mahali, kuanzia gereji za Ilala mpaka vituo vya daladala, na unatolewa kwa nia njema kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba hauna ujinga ndani yake. Yapo magari mengi ambayo, baada ya themostati kutolewa, geji ya joto ilishuka kweli na safari ikaendelea. Mtu aliyeona jambo likifanya kazi kwa macho yake huwezi kumwambia ni uongo. Inabidi umweleze kwa nini lilifanya kazi, halafu umwonyeshe linachomgharimu.

Kwa nini geji inashuka

Themostati ni vali inayoendeshwa na nta. Nta ikipata joto inatanuka na kusukuma pini, vali inafunguka, maji ya injini yanapata njia ya kupitia rejeta. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya IST, Probox na Raum, vali inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Ikifika nyuzi 95 inatakiwa iwe imefunguka angalau milimita 8.5.

Sasa nta hiyo ikizeeka, au pini ikikwama kwa kutu, vali haifunguki. Rejeta inabaki baridi huku injini inaiva. Dakika chache tu, geji iko kwenye H, alama ya moto. Fundi akiitoa, njia inakuwa wazi na gari linapona papo hapo. Kwa hiyo fundi hakukosea kuona ugonjwa. Kifaa kilikuwa kibovu kweli. Ila kifaa kibovu kinabadilishwa.

Kuna hali ya pili, nayo ndiyo inayodanganya zaidi. Rejeta imeziba nusu, themostati ni nzima. Ukiitoa, maji yanaanza kuzunguka tangu injini ikiwa baridi, kwa hiyo joto linachukua muda mrefu zaidi kupanda. Kwa mizunguko ya Mwenge na Kariakoo hutaona kitu. Rejeta bado imeziba. Itakusubiri siku unayopanda Kitonga au Sekenke na familia, mabegi na gunia la mchele.

Hoja ya "nchi ya joto" nayo nimeipima kwa muda. Gesi zinazowaka ndani ya silinda zinapita nyuzi 2,000. Kwa moto wa kiwango hicho, tofauti ya Dar yenye nyuzi 32 na Tokyo yenye nyuzi 5 haibadilishi haja ya kitu cha kusimamia joto. Na kama joto la nje lingekuwa sababu ya kutosha, wa kwanza kuzitoa wangekuwa watu wa Muscat na Dubai, ambako kiangazi kinapita nyuzi 40. Magari yanayouzwa huko yana themostati. Wenye ndugu Oman waulizeni.

Njia ya pembeni

Hapa ndipo ushauri unapogeuka kuwa hatari, na ni sehemu isiyosemwa.

Wakati themostati imefunga, maji hayasimami. Yanazunguka ndani ya injini kwa njia fupi ya pembeni ili joto lisambae sawasawa. Kwenye injini nyingi, hasa dizeli za Land Cruiser na Hilux, themostati ina sahani mbili: moja inafungua njia ya rejeta, ya pili kwa wakati huohuo inaziba ile njia fupi. Ni kazi mbili kwa kifaa kimoja.

Ukikitoa, njia fupi inabaki wazi moja kwa moja. Maji hufuata penye wepesi, na njia fupi ni nyepesi kuliko mirija myembamba ya rejeta. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja upepo. Kwenye tambarare utaona gari halipati joto vizuri. Kwenye mlima, na mzigo, litachemsha kuliko lilivyokuwa na themostati.

Mafundi wengine wanaeleza kwamba bila themostati maji yanakwenda kasi mno, hivyo hayapati muda wa kupoa kwenye rejeta. Maelezo hayo yanasikika vizuri lakini si sahihi. Maji yanayozunguka haraka zaidi yanabeba joto zaidi kwa kila dakika. Mwenye makosa ni hiyo njia ya pembeni.

Injini baridi nayo inaumwa

Kompyuta ya injini inasoma joto la maji kuamua kiasi cha petroli. Ikiona injini haijapata joto, inaongeza mafuta, na inaendelea kuongeza kwa muda wote joto linapokuwa chini. Dereva analalamika gari linakunywa, anabadilishiwa plagi, anasafishiwa nozeli, anabadilishiwa hata sensa ya oksijeni. Hakuna anayekumbuka kwamba themostati haipo. Kwenye gari la gia otomatiki, kompyuta inaweza pia kuzuia gia ya juu mpaka injini ipate joto, na unaona injini inalia kwa mzunguko mkubwa barabara ikiwa nyeupe.

Kwenye Vitz na Passo zisizo na geji ya mshale kuna taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Inatakiwa izime baada ya dakika chache za kuendesha. Kama inachukua nusu saa, au inazima halafu inawaka tena ukiteremka mlima, themostati imetolewa au imekwama ikiwa wazi. Watu wengi wanaiona taa hiyo kila siku na kuifurahia, wakidhani bluu ni habari njema.

Lililonigeuza mimi kabisa kuhusu jambo hili ni ute mweupe.

Ukifungua mfuniko wa oili ukakuta ute kama maziwa, kila mtu anajua maana yake: maji yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi (kiziba kati ya bloku na sehemu ya juu ya injini) imekufa, fungua injini. Lakini injini isiyopata joto inafanya ute huohuo. Unyevu wa kawaida wa ndani, ambao kwa nyuzi 85 na kuendelea ungekauka na kutoka, unageuka matone chini ya mfuniko na kuchanganyika na mvuke wa oili. Kwa hiyo inawezekana fundi mmoja akatoa themostati, mwingine miezi baadaye akaona ute, akashusha hedi iliyokuwa nzima. Kabla ya kukubali hedi ishushwe, chomoa kijiti cha kupimia oili. Ute ukiwa chini ya mfuniko peke yake na oili ya kwenye kijiti ni safi, rudisha themostati kwanza, endesha safari ndefu, halafu angalia tena. Ukiwa mpaka kwenye kijiti, na maji ya rejeta yanapungua, hapo una haki ya kuogopa.

Uliza linachemsha wapi

Swali ambalo hakuna aliyemuuliza yule dereva wa Noah ni hili: linachemsha ukiwa wapi, na linapoa ukiwa wapi?

Kama linachemsha kwenye foleni ya Mbagala na kupoa ukipata kasi, tatizo ni upepo. Anza na feni. Washa AC injini ikiwa inaunguruma. Kwenye Toyota nyingi feni inatakiwa izunguke mara moja au baada ya sekunde chache. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha relei (ibadilishane na nyingine ya namba ileile kwenye kisanduku hichohicho), kisha mpe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota ikikataa hapo, imekufa. Ikizunguka, shida iko kwenye waya au sensa. Kama feni ni nzima, chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta. Pale katikati pananasa majani, wadudu na vumbi lililoshikana na mafuta, na kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha ya mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, ukawa umeongeza ugonjwa.

Kama ni kinyume chake, linatulia kwenye foleni na kupanda joto kwenye mwendo kasi au mlimani, tatizo ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, wota pampu imelika mapanga, au gasketi ya hedi imeanza kuvuja. Zima gari, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Kona iliyo baridi wakati nyingine ni ya moto ni mirija iliyoziba.

Kama linachemsha popote, tena haraka, angalia usawa wa maji na themostati. Hosi ya juu ya moto na ya chini baridi kabisa maana yake maji hayapiti.

Gasketi ya hedi ina dalili yake ambayo haihitaji mashine. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa na uminye hosi ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja ya kwanza, kabla hata maji hayajapata uvuguvugu, presha hiyo inatoka kwenye silinda. Gereji yenye vifaa itathibitisha kwa kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na moshi wa injini. Kipimo hicho ni dakika 10, na ni haki yako kukidai kabla hedi haijafunguliwa. Hedi ikishafunguliwa, ukomo wa kupinda kwa 1NZ-FE ni milimita 0.05. Fundi anayesema "imepinda, ikachongwe" bila kuweka rula ya chuma na filagaji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya) anakisia.

Niseme neno kuhusu feni ya dairekti, maana ni ndugu wa kutoa themostati. Kuunga feni moja kwa moja na swichi ili izunguke muda wote kunasaidia kukufikisha nyumbani. Kuiacha hivyo kunachosha mota, kunaipa oltaneta mzigo usiokwisha, na kama waya umeungwa bila fyuzi, siku ukiyeyuka unaweza kuwasha gari moto. Ukifungiwa dairekti barabarani, muulize fundi kabla hujaondoka: fyuzi iko wapi?

Mfuniko wa rejeta

Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika.

Mfuniko una namba: 0.9 au 1.1 kwa magari mengi ya Kijapani. Hiyo ni presha unayoizuia. Maji matupu usawa wa bahari yanachemka kwa nyuzi 100. Chini ya mfuniko mzima wa 0.9 yanachemka karibu na nyuzi 118, na wa 1.1 yanakaribia 122. Springi ikilegea, umepoteza nyuzi hizo zote bila kitu kingine chochote kuharibika. Iringa na Mbeya unaanza ukiwa nyuma zaidi, kwa sababu huko juu maji matupu yanachemka kwa nyuzi 94 au 95.

Angalia mpira wa chini: usiwe na nyufa wala mstari uliochimbika. Vuta kile kivali kidogo cha katikati kwa kucha, kirudi chenyewe. Kikikwama, injini ikipoa haiwezi kuvuta maji kutoka kwenye chupa ya akiba, na utakuta hosi imenywea. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye gari. Kupandisha namba ili "lisichemshe" kunahamishia presha kwenye hosi, na kwenye matangi ya plastiki ya rejeta ambayo tayari yamekauka kwa umri.

Maji gani

Maji ya kisima ya maeneo mengi ya Dar yana chumvi, na ya Dodoma yana madini. Chumvi inakula alumini. Madini yanajenga ukoko mweupe, uleule wa ndani ya birika la chai, na ukoko huo ukikaa juu ya chuma unazuia joto lisitoke. Kutu inamaliza vile vizibo vya bati vilivyopigwa ubavuni mwa bloku, sehemu ambazo huwezi kuzifikia bila kushusha vitu.

Kulanti, kile kimiminika cha rangi cha kuweka kwenye rejeta, inafanya kazi kubwa hapo. Watu wanadhani imewekwa kwa ajili ya barafu, kwa hiyo wanaidharau. Kwetu thamani yake ni dawa za kuzuia kutu na ulinzi wa sili ya wota pampu. Toyota wanatoa za aina mbili zinazoonekana sana madukani. Ya waridi imeshachanganywa, inamiminwa kama ilivyo, na kutoka kiwandani inahesabiwa kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza, halafu kila 80,000. Nyekundu ya zamani ni ya kuchanganya na inabadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka 2. Rangi si sheria ya dunia, kila kampuni inapaka inavyotaka. Soma chupa.

Nyekundu, au nyingine yoyote ya kuchanganya, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Dukani wanayaita pia maji ya betri, na hapo uwe makini sana, kwa sababu jina hilohilo linatumika kwa tindikali. Unataka yale ya kuongezea, yasiyo makali. IST ya 1.5 inachukua kama lita 5 mfumo ukiwa mtupu, kwa hiyo lita 2.5 kwa lita 2.5. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka angani kwenye chombo safi ni bora kuliko ya bomba. Ya paa la bati lenye kutu hapana.

Sasa tatizo la sokoni: zipo chupa za kijani za bei ya chini ambazo ni maji yenye rangi.

Kuna njia ya kujua ukiwa nyumbani. Chukua kijiko kimoja cha chai cha kulanti iliyo tayari kumiminwa, tia kwenye kichupa kidogo cha plastiki kinachofunga vizuri, andika SUMU, funga ndani ya mfuko, weka kwenye friza usiku mzima mbali na chakula. Friza ya nyumbani inakaa karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri. Kulanti ya kweli ya nusu kwa nusu haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi itakuwa bado inatiririka. Ikiwa jiwe, umeuziwa rangi, au mchanganyiko mwepesi sana. Kipimo hiki kina mpaka wake, na ni vizuri kuujua: zipo kulanti halali za nchi za joto zilizotengenezwa na maji na dawa ya kutu bila glaikoli, ile kemikali inayozuia kuganda, nazo zitaganda. Lakini za namna hiyo zinajieleza kwenye chupa. Iliyoandikwa asilimia 50 ya glaikoli na ikaganda, rudisha dukani.

Usionje. Ethilini glaikoli ni tamu na inaua figo, ya mtoto na ya mbwa vilevile. Ukimwaga ya zamani, kinga kwenye beseni, usiiache kidimbwini uani.

Sufuria na uzi

Themostati haibuniwi, inapimwa. Tafuta sufuria ya zamani isiyorudi jikoni na kipimajoto kinachofika nyuzi 110. Fungua vali kwa kidole, bana uzi katikati yake, iachie ijifunge. Ining'inize kwa uzi huo ndani ya maji isiguse chini, kwa sababu chini ya sufuria pana joto kuliko maji yenyewe. Pasha polepole ukikoroga. Vali ikianza kufunguka, themostati inaachia uzi na kuzama. Soma nyuzi wakati huohuo.

Namba imegongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82. Inatakiwa iachie kati ya 80 na 84, ikaribie kufunguka yote kwenye 95, na ikipoa chini ya 77 ijifunge kabisa. Ukiwa Mbeya maji yatachemka kabla ya kufika 95, kwa hiyo usiihukumu kwa kutofunguka yote. Angalia inapoanzia na inavyojifunga. Nunua mpya pamoja na mpira wake, na uipime mpya pia. Feki zipo nyingi.

Wakati wa kufunga, kuna kipini kidogo kinachocheza pembeni ya sahani. Kinakaa juu. Hapo ndipo hewa inapopitia wakati wa kujaza. Kikikaa chini, hewa inafungiwa nyuma ya themostati, nta inazungukwa na hewa badala ya maji, haifunguki kwa wakati, na gari linachemsha siku ileile. Mwenye gari anaambiwa: "Si unaona? Hizi themostati mpya hazifai." Inatolewa tena. Nadhani themostati nyingi zilizopewa jina baya ziliharibiwa na kipini hicho.

Ukishachemsha barabarani

Mshale ukianza kupanda na bado uko kwenye mwendo, zima AC, fungua hita ya moto mpaka mwisho na feni yake juu kabisa, shusha vioo. Mtateseka humo ndani lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukishuka, endelea taratibu mpaka pa kusimama. Ukiona mvuke, au mshale umegusa nyekundu, zima injini hapohapo. Alumini haikusubiri ufike kijijini.

Usifungue mfuniko. Maji yaliyoko chini yake yamepita nyuzi 100, na presha ikitoka yanaruka, mvuke na maji ya moto kwa pamoja, usoni mwako. Subiri angalau dakika 40, mpaka uweze kuishika hosi ya juu kwa mkono mtupu na ukiiminya inalegea. Ndipo ufungue, kwa kitambaa kinene, robo mzunguko kwanza. Washa injini, mimina maji kidogokidogo ikiwa inaunguruma. Maji baridi yakiingia kwa kishindo kwenye hedi ya moto yanaipinda au kuipasua. Wakati huo maji yoyote safi yanafaa, hata ya chupa ya kunywa. Ukifika, yatolewe.

Kujaza na kutoa hewa

Egesha pua ya gari ikiwa imeinuka, mahali penye mteremko au juu ya mbao. Hita iwe kwenye moto. Jaza taratibu mpaka shingoni, ukiminya hosi ya juu na ya chini kwa zamu, utaona mapovu. Washa bila mfuniko, acha iungurume. Usawa utashuka ghafla themostati ikifunguka, ongeza. Feni ikiwaka na kuzima mara mbili, na hewa ya moto ikitoka kwenye hita bila kukatika, funga mfuniko. Jaza chupa ya akiba kati ya LOW na FULL. Uangalie vidole: feni ya umeme inaweza kujiwasha hata kama injini imezimwa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko injini ikiwa baridi na uangalie tena. Kupungua kidogo siku ya kwanza ni kawaida, ni hewa iliyobaki. Ikipungua siku ya pili na ya tatu, kuna inapotoka. Chunguza kitundu kidogo cha chini ya wota pampu kama kina alama nyeupe au za waridi zilizokauka, maungio ya hosi, na mstari ambapo tangi la plastiki la rejeta linaungana na alumini. Pakiwa pakavu kote, pekua zulia la upande wa abiria wa mbele. Rejeta ya hita iko nyuma ya dashibodi, na inapovuja, miguu ya abiria ndiyo inayojua kwanza.